Mafuta ya ndege hupimwa ofisini: Je, ada ya kusomea kazi hii inalipa?

WAKATI wazazi wengi wenye uwezo wakifikiria urubani pale kijana anapotaka kusomea kazi ya ndege, ipo fani nyingine ambayo ada yake ni ndogo zaidi na haijulikani sana. Ni kazi ya mratibu wa safari za ndege, ambaye wenyewe katika fani humwita disipacha.

Mratibu hafanyi kazi angani. Akiwa ofisini hupanga njia ya ndege, husoma hali ya hewa, huangalia uzito wa abiria na mizigo, kisha hukokotoa mafuta ya kupakia. Kwa sheria za Marekani, ndege ya shirika la ratiba haiondoki bila idhini yake. Yeye na rubani mkuu huwajibika kwa pamoja.

Kwa mfanyabiashara, uzito wa kazi hii uko kwenye mafuta, ambayo kwa mashirika mengi huchukua robo ya gharama zote au zaidi. Mafuta ya ziada nayo ni mzigo. Kwa makadirio ya kawaida, kila kilo 100 za ziada huteketeza kilo 3 hadi 4 kwa saa kwa sababu tu zimebebwa. Tani moja isiyohitajika katika safari ya saa 5 hupoteza kilo 150 hadi 200.

Lakini kubana kupita kiasi ni hatari. Januari 25, 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca la Colombia ilisubirishwa angani kwa jumla ya saa 1 na dakika 17 ikielekea New York. Iliishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck, na watu 73 kati ya 158 walikufa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilitaja miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali hiyo kwamba marubani hawakutumia huduma ya waratibu walioko chini.

Nchini Marekani, Mamlaka ya Anga (FAA) hutaka kozi iliyoidhinishwa isiyopungua saa 200, sawa na wiki 5 za saa 40. Wenye uzoefu unaokubalika kisheria huweza kupita bila kozi. Mtihani wa maandishi una maswali 80 kwa saa 3, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Hufuata mtihani wa mdomo na vitendo. Mtihani wa maandishi hufanywa kuanzia umri wa miaka 21, lakini cheti hutolewa kwa aliyetimiza miaka 23.

Hata hivyo, cheti hicho si kibali cha kufanya kazi Marekani. Kwa anayetaka kurudi nyumbani, leseni hutolewa na TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, na viwango vya kimataifa vya ICAO vinaweka umri wa chini kuwa miaka 21. Mafunzo ya fani hii hupatikana pia katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, Embakasi, Nairobi.

Jambo jingine ni soko. Mratibu mmoja huhudumia ndege kadhaa katika zamu moja, hivyo shirika lenye ndege chache huhitaji watu wachache. Ajira hufuata wingi wa safari, si wingi wa wenye vyeti.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mzazi aulize mambo matatu: kozi imeidhinishwa na mamlaka ipi, mamlaka ya nyumbani inaitambuaje, na ni mashirika gani yanayoajiri. Majibu ayapate kwa maandishi, kisha apige hesabu ya ada, nauli na malazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.