Mkimbiaji Hakimbii kwa Chai Tupu

Mimi ni muuguzi wa jamii, na kazi yangu ni huku huku kwetu, kuanzia Kambi Muru na Makina hadi Kawangware.

Leo tunazungumza juu ya vijana wetu wanaokimbia. Unawasikia wakifungua mlango saa kumi na moja alfajiri. Wengine wanajiandaa kwa Nairobi Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wengine wanatafuta kuandikwa jeshini au polisi, ambako anayekimbia vizuri ana nafasi bora. Ni jambo jema, maana kijana anayeamka kufanya mazoezi ana lengo maishani. Lakini wengi wanaletwa kliniki wakichechemea, na mara nyingi ugonjwa wa mguu ulianzia kwenye sufuria.

Mama na binti yake

Mama mmoja wa Kambi Muru alikuja na binti yake wa miaka 19. Hakuja kwa sababu ya mguu. Alitaka tumpime binti mimba. Hedhi ilikuwa haijaonekana kwa miezi minne, na nyumbani maneno yalikuwa makali. Tulipima, hakuwa na mimba. Mama hakuamini. Tulipima tena wiki iliyofuata, jibu likawa lile lile.

Siku hiyo binti alisema pia kwamba anaumwa na muundi wa mguu wa kushoto, yaani mfupa ule wa mbele ulio chini ya goti. Nilimpa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike siku tatu. Hapo ndipo nilipokosea. Sikumwuliza anakula nini.

Wiki tatu baadaye alirudi ameegemea bega la mama yake, hawezi kukanyaga. Tulimtuma hospitalini, na picha ikaonyesha mfupa wa muundi una ufa. Hakuwa ameanguka wala kugongwa na pikipiki. Mfupa ulipasuka kwa kukimbia tu.

Niliketi nao nikauliza: tangu jana asubuhi umekula nini? Alfajiri alikunywa chai ya rangi, akakimbia kilomita 10. Saa nne alikula mandazi moja. Mchana hakula. Usiku alikula nusu ya ugali wake, nusu nyingine akawaachia wadogo zake. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba mwili mwepesi ndio unaokimbia mbio.

Mama yake alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Sista, mimi nilidhani hali kwa sababu ya mwanamume."

Kukimbia kunakula chakula kiasi gani?

Tufanye hesabu ndogo. Mtu akikimbia kilomita moja, mwili wake hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Binti wa kilo 50 akikimbia kilomita 10, ametumia kalori 500 hivi. Hiyo ni nguvu iliyo katika gramu 140 za unga wa mahindi, zaidi kidogo ya robo ya paketi ya nusu kilo. Akikimbia marathon nzima, kilomita 42, atatumia nguvu ya zaidi ya nusu kilo ya unga.

Na hicho ni chakula cha kukimbia peke yake. Bado hajahesabu cha kuteka maji, kufua, kupanda ngazi, kukua, na cha moyo kupiga usiku akiwa amelala.

Sasa linganisha na chai ya rangi na mandazi moja. Pengo linatoka wapi? Linatoka mwilini mwake mwenyewe.

Mwili ukikosa chakula unafanya nini?

Mama, wewe unajua pesa zikiwa kidogo unafanyaje. Unalipa kwanza kile ambacho bila hicho hamwezi kulala ndani, na mengine yanangoja. Mwili hufanya vivyo hivyo. Hulisha kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mambo mengine unayaahirisha:

– Hedhi inachelewa, au inakoma kabisa.
– Mifupa haijengwi vizuri. Homoni inayoleta hedhi ndiyo pia inayolinda mifupa, kwa hiyo moja ikikoma, nyingine inaumia.
– Damu inapungua. Kijana anachoka haraka na kuhema kuliko zamani.
– Kinga inashuka. Homa na kikohozi haviishi.
– Hasira zinakuwa karibu, usingizi unakuwa mbali.

Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa mwongozo juu ya hali hii na kueleza kwamba haiwapati wasichana peke yao. Wavulana pia hupata. Wao hawana hedhi ya kutuonya, kwa hiyo tuwaangalie zaidi kwa uchovu, kukonda na maumivu ya mifupa.

Wakimbiaji wengine na hata makocha husema hedhi ikikoma ni dalili ya mazoezi mazuri. Si kweli. Binti aliyekuwa akipata hedhi akikosa miezi mitatu mfululizo, mlete kliniki. Tutapima mimba, ndiyo, kwa sababu ni lazima tujue. Lakini jibu likiwa hana, usimwite mwongo. Tuendelee kutafuta, na tuanze na sahani yake.

Bingwa aliyelishwa shuleni

Paul Tergat wa Baringo mnamwjua. Tarehe 28 Septemba 2003, mjini Berlin, alikimbia marathon kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi ya dunia wakati huo. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alikulia katika njaa. Mwaka 1977, akiwa na miaka minane, Shirika la Chakula Duniani lilianza kutoa chakula katika shule yake ya msingi, na kwa sababu ya sahani ile aliweza kutembea kwenda shule na kukaa darasani akisikiliza. Mwaka 2004 shirika hilo lilimfanya balozi wake wa kupiga vita njaa.

Kabla ya kocha na kabla ya viatu, kulikuwa na chakula. Hapa Nairobi, mpango wa Dishi na County ulianza mwaka 2023 katika shule za msingi za umma, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Kama mtoto wako yuko katika shule iliyo na mpango huo, hakikisha ameandikishwa, hasa kama anakimbia.

Na mabingwa wetu wanakula nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitoka kwenye vyakula vya wanga na sukari: ugali, wali, viazi, mkate, chai ya maziwa yenye sukari. Ni vyakula tunavyovijua. Tofauti ni kwamba wao wanakula sahani kamili, na kwa wakati.

Chakula cha mkimbiaji katika nyumba ya kawaida

Najua unga unanunuliwa kwa vipimo vidogo na sahani ni nyingi. Sikuambii ununue nyama kila siku. Fuata utaratibu huu kadiri unavyoweza.

Kabla ya kukimbia: chai yenye sukari pamoja na ndizi moja, kipande cha mkate au ngwaci. Asiondoke na tumbo tupu.

Baada ya kukimbia, kabla saa moja haijapita: uji mzito wa wimbi wenye maziwa, au githeri iliyobaki jana na kupashwa moto vizuri. Kama unaweza kuongeza kitu kimoja tu katika siku yake, ongeza hiki. Wakati huu ndipo misuli na mifupa inapojirekebisha.

Mchana: ugali, wali au chapati, pamoja na maharagwe au ndengu.

Usiku: ugali na sukuma wiki, na omena ukiweza. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa kijana madini ya chokaa ya kujenga mifupa yake. Yai moja au kikombe cha mala pia kinasaidia sana.

Chai isinywewe pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu. Angoje saa moja hivi. Lakini chungwa au nyanya kwenye chakula husaidia madini hayo kuingia.

Na kama ana wadogo zake, mpakulie sahani yake peke yake, mbele ya wote. Waeleze wadogo kwamba dada anafanya kazi ya kukimbia. Hapo hatalazimika kuchagua kati ya njaa yake na yao.

Maumivu ya kawaida na maumivu ya mfupa

Maumivu ya misuli yanaenea. Anauma mapaja yote mawili, anaamka amekakamaa, akitembea kidogo anapata nafuu. Baada ya siku mbili au tatu yanaisha.

Maumivu ya mfupa yana mahali pake. Mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja. Kama anaweka kidole pale pale kila mara, ukibonyeza anaruka, na maumivu yanazidi akikimbia badala ya kupungua, shuku mfupa. Yakimsumbua hata usiku amelala, usingoje. Maumivu ya nyonga au kinena yanayomfanya achecheme yaonwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Ukishuku mfupa, fanya hivi:

1. Asimamishe kukimbia leo, si baada ya mashindano. Ufa mdogo unaweza kuwa mfupa uliovunjika kabisa.
2. Usimkande kwa nguvu wala kumpeleka akavutwe mguu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, yatosha kupunguza maumivu.
3. Asimeze dawa za maumivu ili aendelee kukimbia. Dawa kama diklofenaki zinaficha onyo la mwili. Tena zinaweza kuumiza tumbo, na mtu aliyekaukiwa maji zinaweza kumdhuru figo.
4. Mpeleke kliniki. Picha ya eksirei ikitoka safi katika wiki za kwanza, usidhani amepona. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani mapema. Maumivu yakibaki, rudini.
5. Eleza yote: anakimbia kiasi gani, anakula nini, hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mhudumu asipouliza, wewe sema. Mimi sikuuliza, na binti alikanyaga mfupa mbovu wiki tatu.

Mfupa wa muundi kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane za kupumzika, na mwingine zaidi. Wakati huo asipunguziwe chakula eti kwa sababu hakimbii. Mfupa unajengwa kwa chakula.

Akirudi, aanze kwa kutembea, kisha kukimbia kidogo, akiongeza polepole wiki kwa wiki, na awe na siku za kupumzika. Aangalie pia raba zake. Raba za mtumba ni sawa, lakini soli isiwe imelika upande mmoja. Na mtoto ambaye bado anakua asikimbie kilomita 42. Hizo ni mbio za mtu mzima.

Siku ya mbio

Ale chakula alichokizoea, saa tatu hivi kabla ya kuanza. Asijaribu kitu kipya. Mbio zikizidi saa moja, anahitaji kitu chenye sukari njiani, maana akiba ya sukari mwilini huisha kabla ya kilomita 42. Anywe maji akisikia kiu. Maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu inapungua mno. Mkimbiaji akianguka, akichanganyikiwa au akiumwa kifua, apelekwe hospitalini mara moja.

Binti yetu yuko wapi sasa?

Alikaa miezi mitatu bila kukimbia. Alilia, kwa sababu mbio alizokuwa akizingoja zilipita akiwa nyumbani. Mama yake alianza kuchemsha uji wa wimbi kila asubuhi na kumpakulia sahani yake usiku. Hedhi ilirudi mwezi wa tano. Mwaka uliofuata alikimbia kilomita 10, akamaliza bila kuchechemea. Kilomita 42 bado. Nimemwambia zitamngoja.

Yeye na mama yake wameniruhusu niwasimulie haya, ili mzazi mwingine asikae na swali moja tu kichwani.

Mambo ya kukumbuka

– Anayekimbia anahitaji chakula zaidi, si kidogo.
– Hedhi kukoma kwa mkimbiaji ni ugonjwa wa kutafutiwa sababu.
– Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa: simama, uende kliniki.
– Dawa ya maumivu haiponyi mfupa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu

1. Kijana wako alikula nini jana kabla na baada ya mazoezi?
2. Binti akikosa hedhi, sisi wazazi tunasema nini kwanza? Je, maneno hayo yanamfanya aseme ukweli au anyamaze?
3. Ni chakula gani kimoja mnachoweza kuongeza wiki hii?

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako, au uje kliniki. Njoo na kijana wako, na usisahau kumwuliza amekula nini.