Kufundisha Kinga ya Mbuni Chotara

Wanafunzi wengi hudhani kwamba Ruiru 11, mbuni chotara uliotolewa Kenya mwaka 1985, hustahimili kutu ya majani kwa kuwa jani lake ni gumu. Sivyo. Kuvu hupenya vitundu vya hewa vya chini ya jani hilo kama la mbuni mwingine. Mapambano yamo ndani: seli zilizoguswa hufa upesi, zikijaa kemikali za jamii ya fenoli, na kuvu hiyo, isiyoishi ila katika seli hai, hukosa chakula. Mwalimu alinganishe jani lenye unga wa rangi ya chungwa na lile lenye vidoa tu. Asiseme, hata hivyo, kwamba kinga hiyo, iliyotokana na chotara wa arabika na robusta wa kisiwani Timor, ni ya kudumu. Lempira, mbuni wa Honduras wenye asili hiyohiyo, ulitangazwa mwaka 2017 kuwa haustahimili tena.