Bunia: Ugomvi wa parseli ukiachwa, huwaka moto

Mjini Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, familia nyingi hupanga kwenye parseli moja. Vyumba vimezunguka ua, choo ni kimoja, bafu ni moja, lango ni moja. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Huyu anapiga muziki mpaka usiku wa manane, yule anamwaga maji machafu mlangoni kwa mwenzake. Mwingine anauza pombe ya kienyeji, na walevi wanagonga lango wakati watoto wamelala.

Vita vimezidisha msongamano. Tangu Desemba 2017, mashambulizi katika teritware ya Djugu na kwingineko yamewasukuma watu wengi mjini. Baadhi wako kwenye kambi kama Kigonze, wengine wamepokelewa na ndugu au wamepanga vyumba. Chumba kilichojengwa kwa familia moja kinabeba mbili, lakini choo hakijaongezeka. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.

Neno "kabila" likiingia

Hatari ya Bunia ni kwamba ugomvi wa ndoo na jalala unaweza kubadilishwa jina. Wakazi wenye umri wanakumbuka vita vya 1999 hadi 2003, wakati majirani walipokimbiana na mitaa ikagawanyika kwa makabila, mpaka Umoja wa Ulaya ukatuma askari wa operesheni Artemis mwezi wa Juni 2003. Kwa hiyo mtu anayemwambia jirani "ninyi watu wa kabila fulani ndivyo mlivyo" kwa sababu ya kelele za redio anagusa kidonda ambacho hakijapona.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri pia iko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Katika hali hiyo, kumsingizia jirani kwamba anashirikiana na makundi yenye silaha, kisa mmegombana juu ya maji, kunaweza kumfikisha gerezani mtu asiye na kosa. Aliyesingiziwa hasahau, na watoto wake hawasahau.

Ngazi za kupanda

Hatua ya kwanza ni kuzungumza, mchana, pombe ikiwa imetoka kichwani, bila kukusanya watazamaji. Neno moja tu: "Jirani, kelele za usiku zinatuumiza, tufanyeje?"

Isipofaa, aitwe mwenye parseli. Yeye ndiye anayepokea kodi, basi hawezi kusema hayamhusu. Wapangaji wakikubaliana naye kuhusu zamu ya kusafisha choo, saa ya kuzima muziki na mahali pa kutupa takataka, ni vizuri yaandikwe na kila mmoja atie sahihi.

Ngazi inayofuata ni shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartie. Hao wanawajua watu wao, na mara nyingi wanamaliza kwa kikao kimoja kile ambacho mahakama ingekivuta kwa miezi. Shefu mwema husikiliza pande zote mbili na haulizi mtu ametoka kijiji gani.

Kama shida ni kati ya mpangaji na mwenye nyumba, ipo sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba. Inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, na kwamba mgogoro uanzie kwa ofisi ya serikali ya makazi ili watu wapatanishwe, kabla ya kwenda mahakamani. Kumtupia mpangaji vyombo nje usiku si njia ya sheria, hata kama ana fujo.

Yasiyopatanishwa uani

Kuna mambo ambayo hayaishi kwa kikao cha ua. Kupigwa, kutishiwa silaha na kuchomewa nyumba ni kazi ya polisi na mahakama. Ubakaji nao, kwa sheria za 2006, ni kosa la jinai: mbuzi au fedha iliyopewa familia haifuti kesi. Kumkusanyia mtu vijana wa mtaa ili wamwadhibu ni kosa jingine juu ya kosa.

Mengine yote yanabaki kwa wanaoishi pamoja. Usiku risasi zinaposikika, anayegonga mlango wako kwanza kukuuliza kama mko wazima si ndugu aliye Kisangani au Kampala. Ni yule yule mliyegombana naye asubuhi kwa sababu ya choo.