Unaogopa kiti cha daktari wa meno? Nyoosha mkono!
Wapo mabaunsa ninaowajua mimi, ukiwatajia daktari wa meno wanajikausha kama hawajasikia. Wanabugia vidonge vya maumivu hadi shavu linavimba.

Jamani, woga siyo aibu! Kabla hujakalia kile kiti, sema wazi: "Dokta, naogopa." Mimi nilisema. Akanionyesha vifaa kimoja kimoja, akanipaka dawa ya ganzi kwenye fizi kabla ya sindano. Tukakubaliana nikinyoosha mkono wa kushoto, ulio mbali na vifaa vyake, anasimama. Niliunyoosha mara mbili, na kweli akasimama! Hapo roho ikatulia.

Wewe je, jino linakuuma tangu lini? Wahi, bwana. Pakishajaa usaha, hata ganzi haishiki vizuri.