Vyuo Vinavyoziwahi Taka Kabla Hazijafika Pipani

Kila ilipofika Mei na mabweni kufungwa, barabara za Durham, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani, zilijaa makochi, mazulia, feni, taa za mezani na majokofu madogo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New Hampshire walikuwa wanahama, na chochote kisichoenea garini kiliachwa kando ya njia. Vingi vilikuwa vizima kabisa. Miezi michache baadaye wanafunzi wapya waliingia katika mji huohuo, wakaenda madukani kununua makochi, mazulia na majokofu.

Mwaka 2011, mwanafunzi mmoja aitwaye Alex Freid na wenzake walianzisha mpango walioupa jina Trash 2 Treasure. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza, japo mgongo unauma kuifanya: wakati wa kuhama wanakusanya vitu, wanavihifadhi ghalani likizo nzima, kisha chuo kikifunguliwa wanaviuza kwa bei ya chini. Mapato ya mauzo hugharimia ukusanyaji wa mwaka unaofuata. Mwaka 2013 kazi hiyo ilizaa shirika la Post-Landfill Action Network, linalowasaidia wanafunzi wa vyuo vingine kufanya kama walivyofanya wenzao wa Durham.

Katika mpango huo hakuna kinachosagwa wala kuyeyushwa. Jokofu linabaki jokofu, linabadilisha mwenyewe tu. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu vyuo vingi vikiamua kupambana na taka huanzia mwisho: vinanunua mapipa ya rangi tatu, vinabandika mabango, vinapiga picha siku ya uzinduzi. Kiasi cha vitu kinachoingia chuoni hakiguswi.

Marekani yenyewe ilipitia njia hiyo. Mwaka 2001 vyuo vikuu viwili vya jimbo la Ohio, Miami University na Ohio University, vilianza kushindana kurejeleza taka. Shindano hilo, RecycleMania, lilikua hadi likavuta mamia ya vyuo. Siku hizi linaitwa Campus Race to Zero Waste. Taka zilipimwa kwa mizani, uzito ukagawanywa kwa idadi ya watu wa chuo, na matokeo yakatangazwa. Hamasa ilikuwa kubwa. Ila kipimo hicho kilikuwa na tobo: chuo chenye watu wanaokunywa soda nyingi zaidi kina makopo mengi zaidi ya kupeleka kwenye mizani. Anayebeba maji katika chupa yake mwenyewe haongezi hata gramu moja. Ndiyo maana likawekwa pia kundi la kupima jumla ya taka zote kwa kila mtu, na hapo mshindi ni mwenye kidogo.

Pigo jingine lilitoka nje. Kwa miaka mingi karatasi na plastiki za Marekani zilipakiwa melini na kupelekwa China. Mwanzoni mwa 2018 China ilipiga marufuku aina 24 za taka kutoka nje, na kwa nyingi ya zile ilizoendelea kupokea ikataka uchafu usizidi nusu asilimia. Boksi la piza lililolowa mafuta, au chupa yenye mabaki ya maziwa, vilitosha kuharibu shehena. Miji na vyuo vilivyokuwa vikiuza taka zao vikajikuta vinalipa ili zichukuliwe. Kurejeleza kuna faida ya kweli: kuyeyusha kopo la alumini huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini kutoka kwenye madini. Lakini faida hiyo inategemea kopo liwe safi, litengwe, na apatikane mnunuzi.

Jikoni ndiko chuo kiliko na nguvu kuliko mahali pengine popote. Chuo hakiwezi kumwamuru mwanafunzi anunue nini mjini, lakini kinaamua bwalo lake litapakua vipi. Mwaka 2008 kampuni ya Aramark, inayoendesha mabwalo ya vyuo, ilipima masalia ya milo 186,000 katika vyuo 25, kwa kulinganisha siku zenye sinia za kubebea chakula na siku zisizo na sinia. Bila sinia, chakula kilichotupwa na kila mtu kilipungua kwa asilimia 25 hadi 30. Mwenye sinia hupakia sahani tatu kwa sababu nafasi ipo. Mwenye mikono miwili huchukua sahani moja, na akitaka nyingine anarudi. Hakuna aliyehubiriwa wala kunyimwa chakula, na maji ya kuoshea sinia nayo yakaokolewa.

Yanayobaki hata hivyo, maganda na mabaki ya sahani, Ohio University ilianza mwaka 2009 kuyageuza mboji. Huyachanganya na vipande vya mbao na kuyatia katika mtambo uliofungwa, hewa ikizunguka humo. Vijidudu wanaokula mabaki hutoa joto, na mchanganyiko ukikaa kwenye nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku tatu, vimelea vya magonjwa hufa. Mabaki hayohayo yakifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi inayolipasha anga joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka mia moja.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki habari hizi zina uzito wake, ingawa hali haifanani. Huku godoro, ndoo na jiko la gesi la mwanafunzi anayemaliza mara nyingi huuzwa kwa wa mwaka wa kwanza bila mpango wowote rasmi. Hilo ni jema na linastahili kusaidiwa, walau kwa chumba cha kuhifadhia vitu wakati wa likizo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, lakini chupa za maji bado zinatapakaa kumbini baada ya kila semina, wakati bomba la maji salama lingezipunguza.

Kubwa zaidi ni taka za jikoni. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula, nazo hupakiwa pamoja na plastiki kwenye gari moja hadi dampo la Pugu, Dar es Salaam, au la Dandora, Nairobi, ambako waokota chupa huzichambua kwa mikono. Huko Mabwepande, Dar es Salaam, kipo kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na jiji la Hamburg, Ujerumani, kwa ajili ya taka za sokoni. Chuo chenye bustani, wataalamu wa kilimo na bwalo la maelfu ya watu hakikosi nyenzo za kutengeneza mboji kwenye uwanja wake wenyewe. Nchini Kenya kutenga taka si hiari tena: sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za binafsi, zitenge taka zinazooza na zisizooza, na vyuo vikuu vimo ndani yake.