KIJANA AKIPOTEA: MANENO YA KILABUNI NA MANENO YA DAFTARI

Wilaya yetu ya Kilosa ni wilaya ya njia nyingi. Reli ya Kati inapita hapa tangu wakati wa Wajerumani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inasimama Kilosa. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kiasi cha kilometa 50, ndipo inafika Mikumi mjini. Pale Mikumi njia moja inakwenda Kidatu kwenye mashamba ya miwa, na nyingine inapita Ulaya kuja Kilosa. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anaweza kunywa uji kwao asubuhi, na jioni yuko Kariakoo.

Wengi huenda kutafuta kazi, wakapiga simu nyumbani, mambo yakaisha. Lakini siku nyingine kijana anatoka na harudi. Simu haiiti. Mama anaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo kijiji kizima kinaanza kusema. Kilabuni mmoja anasema alimwona kituo cha mabasi pamoja na mwanamke mwenye kanga nyekundu. Mwingine anasema la, alikwenda kuni upande wa hifadhi, simba kamla. Wa tatu anasema eti kuna watu wanakata viungo. Kila mtu anasema, hakuna anayeandika. Baada ya mwezi mmoja ile kanga nyekundu imekuwa ya bluu, na yule aliyemwona kituoni sasa anasema alisikia kwa shemeji yake.

Leo tunataka kueleza jinsi kesi ya mtu aliyepotea inavyokwenda, na kwa nini nyingine hazipati jibu. Tutatumia kesi moja iliyotokea nchi jirani ya Kenya, karibu kabisa na mpaka wetu. Tumeichagua kwa sababu mambo yake yalisemwa mahakamani, watu wote wakasikia. Aliyepotea alikuwa mgeni, mwanamke Mwingereza wa miaka 28, jina lake Julie Ward. Hakuwa mtoto wa kijijini. Lakini pori halichagui, na maswali aliyouliza baba yake ndiyo angeuliza mzazi yeyote wa Mikumi.

GARI KORONGONI

Julie Ward alipenda kupiga picha za wanyama. Mwezi wa Septemba 1988 alikuwa katika mbuga ya Maasai Mara akiwapiga picha nyumbu, wale wale wanaovuka kutoka Serengeti kwetu. Gari lake dogo likaharibika, likatengenezwa. Tarehe 6 Septemba alikwenda kambi ya Sand River, mpakani na Tanzania, kuchukua mahema yake. Tangu hapo hakurudi.

Baba yake, Bwana John Ward, alikuwa na mahoteli huko Uingereza. Aliposikia, alipanda ndege mpaka Nairobi. Hakukaa kungoja kuambiwa. Alikodi ndege ndogo zikatafute porini. Tarehe 13 Septemba gari likaonekana kutoka angani, limekwama korongoni. Juu ya paa lake mtu alikuwa ameandika kwa matope herufi za kuomba msaada. Siku hiyo hiyo, kilometa kadhaa kutoka pale, yakaonekana majivu ya moto, na mahali hapo mguu wa kushoto, toka chini ya goti, na kipande cha taya.

Wakubwa wakasema ameliwa na wanyama. Sisi tunaoishi karibu na hifadhi tunajua kwamba mnyama anaweza kuua mtu. Hatubishi. Lakini tunajua pia kwamba simba hawashi moto. Na fisi akitafuna mfupa, meno yake yanaacha alama, mfupa unapasuka ovyo. Daktari aliyeuchunguza ule mguu, Dakta Adel Shaker, aliandika kwamba umekatwa kwa kitu chenye makali.

NENO MOJA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo kubwa kwetu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Taarifa ya daktari ilipotolewa, maneno yake yalikuwa yamebadilishwa. Pale alipoeleza kwamba mfupa ulikatwa, paliandikwa maneno mengine, ili msomaji aone kama ulivunjika na nyama kuraruka. Aliyebadilisha alikuwa daktari mkubwa wa serikali wa uchunguzi wa maiti. Tazameni neno lilivyo na nguvu. “Kukatwa” ni kazi ya mtu mwenye panga. “Kuraruka” ni kazi ya mnyama. Kwa kubadilisha neno tu, mtu aliyeuawa anageuka kuwa mtu aliyepatwa na bahati mbaya, na hapo hakuna wa kutafutwa.

Si hilo tu. Katika kambi ya Sand River kulikuwa na kitabu cha wageni. Mgeni anaweka saini akiingia, anaweka saini akitoka. Saini ya kutoka ya Julie Ward ilikuwapo. Lakini ilipolinganishwa na mwandiko wake, ikaonekana si yeye aliyeiandika. Mtu mwingine alikuwa amemwandikia.

Baba hakusoma taarifa mara moja akaiweka. Aliuliza kila neno, akadai kuona karatasi za kwanza. Mwezi wa Oktoba 1989 hakimu wa Nairobi aliyefanya uchunguzi wa kifo hicho, Joseph Mango, akatamka kwamba Julie Ward aliuawa na watu. Uchunguzi wa namna hii si kesi ya kumfunga mtu. Hakimu anatafuta kujua nani amekufa, amekufaje, na je, kuna mkono wa mtu? Kumtafuta mwenye mkono huo ni kazi nyingine.

Na kazi hiyo ndiyo iliyoshindikana. Mwaka 1990 wapelelezi wa Uingereza walikuja kusaidia. Askari wawili wa mbuga walishtakiwa, na mwaka 1992 Mahakama Kuu ikawaachia. Baadaye mkuu wa askari wa mbuga akashtakiwa, naye mwaka 1999 akaachiwa. Mwaka 2004 uchunguzi mwingine wa kifo ulifanywa huko Ipswich, Uingereza, nao ukasema yaleyale: aliuawa. Bwana Ward alisafiri kwenda Kenya zaidi ya mara 100 kwa kesi hii moja. Alifariki mwaka 2023. Hakuna aliyehukumiwa.

Mtu atasema: huyo alikuwa Mzungu mwenye fedha, na bado alishindwa. Sisi je? Swali hilo ni la haki. Lakini tuangalie alichokipata. Alizuia jambo lisifunikwe. Hilo hakulipata kwa ndege tu. Alilipata kwa kusoma, kuandika na kutunza karatasi.

NIMEONA NA NIMESIKIA

Tuyarudie yale maneno ya kilabuni. Mahakama ina desturi ambayo wananchi wengi hawaipendi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inataka aliyeona aje mwenyewe aseme nimeona. Aliyesikia kwa shemeji hafai kuthibitisha yale aliyoyaona shemeji. Aitwe shemeji. Ndiyo maana kijiji kizima kinaweza kusema “sisi sote tunamjua muuaji”, kisha mtuhumiwa akaachiwa. Watu wanadhani hakimu amekula rushwa. Inawezekana, lakini mara nyingine hakimu amekaa mbele ya mashahidi kumi waliosikia, hakuna hata mmoja aliyeona.

Na uvumi una ubaya mwingine, unaua. Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa-Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoa jirani wa Dodoma, walifika watafiti wa udongo kutoka kituo cha kilimo cha Selian, Arusha. Walikuja kuchukua udongo wa kupimwa. Mtu akapiga yowe kwamba ni mumiani, wanyonya damu. Watu wakakusanyika. Watatu waliuawa, dereva mmoja na watafiti wawili, na gari lao likachomwa. Wazee wetu wa Morogoro wanayajua maneno haya ya mumiani na chinjachinja tangu enzi ya mkoloni. Kila mtoto akichelewa kurudi, maneno yanaamka tena. Wakati watu wanamkimbiza mgeni mwenye koleo, yule aliyemchukua mtoto kweli kweli, ambaye labda ni jirani au ndugu, anakaa anaota moto.

DAFTARI LA SENTI CHACHE

Basi kijana akipotea, tufanyeje? Twendeni kwa balozi na kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kisha kituo cha polisi. Wapo wanaosema eti mpaka zipite saa 24. Msingoje, hasa akiwa mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ana ndevu na anajilimia mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inampa kila mwananchi wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akijua haki ya mtoto imevunjwa. Polisi wakiandika taarifa, ombeni namba yake, ile inayoitwa RB. Iandikeni daftarini pamoja na tarehe na jina la askari aliyewapokea. Mkiambiwa gari halina mafuta, andikeni hilo nalo. Kama mtendaji ni ndugu wa anayeshukiwa, na mambo haya yapo, nendeni kata, au kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Daftarini muandike nini? Saa aliyoondoka. Nguo alizovaa mpaka viatu. Kovu, jino lililong'oka, kidole kilichopinda. Namba yake ya simu na namba zilizompigia. Alikuwa anadaiwa? Alikuwa na rafiki mpya? Nani alimwahidi kazi mjini? Halafu gawanyeni ukurasa kwa mstari katikati. Upande mmoja andikeni waliosema “nimeona”, na upande wa pili waliosema “nimesikia”. Kila mmoja na jina lake na siku aliyosema. Aliyesikia mwulizeni alisikia kwa nani, mmfuate huyo. Ile kanga nyekundu ikiandikwa nyekundu siku ya kwanza, haitageuka bluu.

Tuseme sasa jambo zito. Mwili au mifupa ikionekana porini, msiiguse. Tunajua ni vigumu. Waislamu tunataka kuzika upesi, Wakristo hawapendi kumwacha marehemu juani, na mama anataka kumfunika mwanawe. Lakini alama ya kisu kwenye mfupa, majivu, nyayo, kipande cha kamba, vyote vinapotea watu kumi wakikanyaga hapo. Wekeni watu wawili walinde kwa mbali, wengine wakaite polisi. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, na kifo cha namna hii hakizikwi kimya kimya. Ndugu wana haki ya kuuliza daktari ameona nini. Na mkisomewa taarifa, ombeni msome wenyewe, neno kwa neno.

KESI HAIOZI

Wengi hutuuliza: baada ya miaka mitano, kumi, si kesi imekwisha? La. Kosa la kuua halina mwaka wa kufutika.

Hapa kuna kesi nyingine ya Kenya, safari hii ya mtu maskini. Agnes Wanjiru wa Nanyuki alikuwa na miaka 21, akifanya kazi ya kusuka nywele. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012 alitoka na rafiki zake kwenda hoteli moja ya mji huo. Askari wa Uingereza waliokuja kufanya mazoezi walikuwapo. Hakurudi. Zaidi ya miezi miwili baadaye maiti yake ikakutwa ndani ya shimo la maji machafu la hoteli. Mjini watu walisema, na miongoni mwa askari wale nako kulikuwa na maneno, lakini faili likalala. Ndugu zake hawakuwa na ndege. Waliendelea kuuliza tu, mwaka hata mwaka.

Tarehe 5 Novemba 2019 hakimu Njeri Thuku alitamka kwamba Agnes aliuawa, na kwamba waliomwua ni askari wa Uingereza, mmoja au zaidi. Mwaka 2021 gazeti la London likachapa yale yaliyokuwa yakisemwa na askari wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari wa Uingereza. Hati si hukumu, mtu huyo ana haki ya kujitetea. Lakini ilikuwa imepita miaka 13. Agnes alipotea akiwa ameacha mtoto wa kike wa miezi mitano, bado ananyonya. Hati ilipotoka, mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka 13.