Mwenzako Akiweka Pombe Chumbani, Ufanye Nini?



Huenda wewe, au mtoto wako, siku moja ataondoka hapa Kingerikiti kwenda kusoma. Wapo wanaokwenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kule Mbinga. Vyuo vya namna hii vilianza nchini mwaka 1975, ili watu wa vijijini wapate kujifunza ufundi, kilimo, ushonaji na kazi nyingine. Wapo wanaokwenda Songea au mbali zaidi. Wapo pia watoto wa sekondari ambao nyumbani kwao ni mbali na shule. Hao wazazi wao huwapangia chumba karibu na shule.

Wote hawa wana jambo moja linalofanana. Wanalala chumba kimoja na mtu ambaye si ndugu yao.

Tuseme umefika chuoni na sanduku lako, blanketi na ndoo. Umepewa kitanda. Kitanda cha pili ni cha mwenzako. Ni mtu mzuri. Anakuonyesha bomba la maji, choo na jiko. Usiku anainama, anavuta galoni kutoka chini ya kitanda, anamimina kikombeni na kunywa. Kisha anakwambia, "Ndugu yangu, usimwambie mtu."

Je, utafanya nini? Ukinyamaza, una wasiwasi. Ukisema, utaitwa mchongezi. Leo tulitazame jambo hili kwa upande wa afya.

POMBE NI KITU GANI?

Pombe hutokea sukari inapoliwa na chachu. Chachu ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na hewa. Ndiyo maana pombe hutoa povu.

Ulanzi ni maji matamu ya mwanzi. Asubuhi ni mtamu. Ukikaa mpaka kesho yake unakuwa mkali, kwa sababu chachu imeendelea kufanya kazi. Komoni nayo ni hivyo hivyo. Basi galoni lililofungwa sana chini ya kitanda huvimba kwa hewa hiyo, na linaweza kupasuka.

Gongo ni tofauti. Gongo ni pombe iliyochemshwa, na mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Maji mengi yamebaki nyuma, kilevi kimekuja mbele. Kwa hiyo kikombe kimoja cha gongo kinaweza kuwa na kilevi kingi kuliko chupa mbili za bia.

MWILINI INAFANYA NINI?

Kilevi hupita tumboni, huingia katika damu, na damu hukipeleka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotawala kusema, kutembea, kufikiri na hata kupumua. Kilevi kikiwa kidogo, mtu huongea sana. Kikizidi, hupepesuka. Kikizidi zaidi, hupoteza fahamu. Kikizidi tena, kupumua kunasimama.

Ini ndilo linaloondoa kilevi mwilini, nalo hufanya kazi polepole. Tufanye hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha 5 kwa 100 ina kilevi gramu 20 hivi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Basi chupa moja inahitaji saa 2 mpaka 3. Mtu akinywa chupa tatu kwa pamoja saa 4 usiku, kilevi kitakwisha mwilini kati ya saa 10 alfajiri na saa 1 asubuhi. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Maji ya baridi kichwani hayaharakishi. Kulala pia hakuharakishi. Ni saa tu.

Sasa jiulize: huyu mwenzako ataingia karakana ya useremala saa moja na nusu asubuhi akiwa na hali gani? Atashikaje msumeno?

Tena huku kwetu milimani watu husema, "Nakunywa kwa sababu ya baridi." Hata wavuvi wa ziwani husema hivyo. Jambo hili si kweli. Kilevi hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya moto huja juu, nawe unasikia joto. Lakini joto hilo linatoka nje ya mwili. Ndani unapoa. Mlevi akilala nje usiku wa mwezi wa Juni au Julai anaweza kufa kwa baridi, hali yeye mwenyewe hakusikia baridi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho hakina madhara kabisa kwa afya. Anayekunywa kidogo hupata madhara madogo, na anayekunywa sana hupata makubwa. Pombe ni mojawapo ya vitu vinavyoleta saratani, kwa mfano ya koo, ya ini na ya matiti.

HATARI ZA POMBE CHUMBANI

Huenda wewe hunywi. Hata hivyo chupa iliyo chumbani inakuhusu. Sababu ni hizi:

1. Gongo haina rangi, ni kama maji. Ikiwekwa katika chupa ya maji, mtu mwenye kiu gizani anaweza kuinywa. Mtoto mdogo akija kukutembelea ni hatari zaidi. Pombe hushusha sukari katika damu ya mtoto. Mtoto anaweza kupata degedege na kufa kwa kiasi ambacho mtu mzima angekiona kidogo.

2. Gongo huwaka moto. Ikimwagika karibu na koroboi au mshumaa, godoro na chandarua vitashika moto mara moja.

3. Pombe ya kificho haijulikani imetoka wapi. Wauzaji wengine huongeza spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Sumu hii huharibu macho na huua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka. Mnywaji anaweza kujiona mzima kwa saa 12 au hata siku nzima, ndipo macho yaanze kuona ukungu na tumbo liume. Akiona dalili hizo aende hospitali upesi, asingoje.

4. Pombe hugombana na dawa. Anayemeza dawa za kifua kikuu akinywa pombe huongeza hatari ya kuharibu ini lake. Anayemeza dawa za usingizi anaweza kuacha kupumua.

5. Sheria ya nchi ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza, kuuza au kuweka gongo bila leseni. Galoni likikutwa katika chumba cha watu wawili, wote wawili wataulizwa. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumwuzia pombe. Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Viroba vilikuwa vya bei ndogo na vilifichika mfukoni, hata mfukoni mwa mwanafunzi.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NA MWENZAKO

Usimsemeshe akiwa amelewa. Ngoja asubuhi akili ikiwa imetulia. Usimtukane wala usimwite mlevi. Sema juu ya chumba na juu yako mwenyewe. Kwa mfano: "Kaka, mimi nakuheshimu. Lakini galoni hili linanitia hofu. Tukikutwa nalo tutafukuzwa wote, na mzazi wangu aliuza kahawa ili nisome. Naomba lisikae humu ndani."

Usiimwage pombe yake kwa siri. Utaleta ugomvi, na chupa ya pili ataificha vizuri zaidi. Tena, kama tutakavyoona, kwa mtu aliyezoea sana, kukosa pombe ghafla ni hatari.

Akikataa, mpe siku chache. Akiendelea, nenda kwa mlezi wa bweni, au kwa mwenye nyumba kama mmepanga. Omba kuhamishwa, na eleza sababu. Huko si kuchongea. Mchongezi hutaka mwenzake aumie. Wewe unataka wote wawili mmalize masomo salama.

Akikukaribisha unywe, jibu fupi linatosha: "Asante, mimi situmii." Huna haja ya kutoa sababu kumi.

AKIZIDIWA USIKU

Hapa ndipo maisha ya mtu yanaweza kuwa mikononi mwako. Mwenzako amerudi amelewa sana, ameanguka kitandani. Watu husema, "Mwache alale, kesho ataamka." Wengine hawaamki. Mlevi akitapika hali amelala chali, matapishi huziba njia ya hewa.

Fanya hivi:

1. Mlaze kwa ubavu. Kunja goti lake la juu ili asibingirike. Kichwa kielekee chini kidogo, ili matapishi yatoke nje.

2. Mfunike blanketi.

3. Usimpe kahawa, maziwa wala chakula. Usimtie kidole kooni. Usimmwagie maji.

4. Usimwache peke yake. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja.

5. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya mara moja mkiona mojawapo ya mambo haya: haamki hata akitikiswa, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, anakaa sekunde 10 bila kupumua, midomo au kucha zimekuwa za bluu, mwili umekuwa wa baridi, ana degedege.

Na harufu ya pombe isikudanganye. Mtu anayenuka pombe na haamki anaweza kuwa na malaria kali, kisukari, au jeraha la kichwa. Mganga ndiye atakayepima.

AKITAKA KUACHA

Yupo mnywaji ambaye mikono hutetemeka asubuhi, hutoka jasho, na hutulia akinywa tu. Huyo mwili wake umetawaliwa na pombe. Huo ni ugonjwa. Tusiuchukue kama tabia mbaya tu. Akiacha ghafla anaweza kupata kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Msimfungie ndani mkisema mnamkomesha. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali, aache chini ya uangalizi wa mganga, kwa dawa. Wengi wameacha na wakarudi kazini.

Ndugu mzazi, nawe una sehemu yako. Mwanao anapoondoka, usimwambie tu, "Usinywe pombe." Mwambie nini cha kufanya akiikuta chumbani. Mwambie kwamba akikupigia simu usiku kuomba msaada, hutaanza kwa kumgombeza. Na ukimpangia chumba, mtembelee bila kutoa taarifa. Angalia chini ya kitanda. Zungumza na mwenye nyumba. Mfahamu na kijana anayelala naye, maana huyo naye ni mtoto wa mtu.

Watu husema pombe si chai. Basi chumba cha kusomea si kilabu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini pombe haimpi mtu joto la kweli?

2. Mtu akinywa bia mbili za nusu lita kwa pamoja saa 2 usiku, kilevi kitakwisha mwilini saa ngapi?

3. Mlevi aliyelala fofofo alazwe namna gani, na kwa nini?

4. Kwa nini si vema kumfungia ndani mtu aliyezoea sana pombe?

5. Katika kijija chetu, wanafunzi waliopanga vyumba wanatembelewa na nani? Tufanye nini ili watembelewe?